Dawa ya Mwisho wa Mstari

Kiseke, mchana wa kuamkia safari yako

Masunga mwanangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kusema sisi huku hatujambo, na hofu yetu ni juu yako wewe uliye mbali. Sitaanza hivyo. Wewe hujawa mbali bado. Uko kwa mjomba wako hapo chini unaaga, nimekuona kwa macho yangu ukiteremka na shati jipya, u mzima kabisa. Asiye mzima ni mimi.

Mama yako ameketi mlangoni penye mwanga, anachambua mchele wa safari yako. Anadhani naandika maneno yake. Tulipomaliza kula alinijia, akaniwekea kalamu na wino mezani, akafuta meza kwa kanga yake, akasema, "Baba Masunga, kesho mtoto anapanda meli. Mimi sijui kuandika, naye hasikii. Niandikie wewe. Mwambie hivi: mwanangu, mkono wangu ndio uliokuziba masikio. Nilizidisha dawa ulipokuwa mdogo. Nisamehe kabla ziwa halijaingia kati yetu." Kisha akaongeza, "Usiweke maneno makubwa. Andika kama nilivyosema."

Nikachovya kalamu, nikaandika "mwanangu", na hapo nikakwama. Kwa kuwa si kweli, Masunga. Hakuzidisha. Aliyekuziba masikio ni mimi, na nimelijua hilo kwa miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo nimemwacha alale nalo na kuamka nalo kama lake. Naona aibu hata ya kuandika sentensi hii, lakini nimeshaiandika na sitaifuta.

Sasa kila mara anainua kichwa kunitazama, na anafurahi kuona kurasa zinajaa. Ameniuliza hivi punde, "Maneno yangu yamekuwa mengi hivyo?" Nimemjibu, "Kiswahili cha kuandika ni kirefu, Mama Masunga." Unaona basi. Hata hapa nimemdanganya tena, wino haujakauka.

Sitakueleza habari za kufunga sanduku, wala za kujifunika vizuri kwenye meli, wala jinsi ya kukaa na mapadre huko Bukoba. Mama yako ameshakuonyesha yote kwa mikono yake, na wewe hupendi kuonyeshwa jambo mara mbili. Mimi nataka kukueleza habari ya dawa na maji.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikaa upande wa Magu, karibu na ziwa, kwenye zahanati ndogo ya vyumba viwili iliyoezekwa bati, na nyuma yake, pembeni ya choo, palikuwa na mndimu. Ukumbuke huo mndimu. Mimi nilikuwa dresa, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa kaptula ya kaki ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda na kugawa dawa nilizofundishwa, basi. Lakini watu waliniita dokita, na sikuwasahihisha. Nilipopita njiani wanawake walipiga magoti kunisalimu, nami nilitembea polepole ili wapate nafasi ya kupiga magoti.

Aliyenifundisha dawa, huko Mwanza mjini, alikuwa Mganda mmoja mzee, Mzee Yosia. Siku ya kwanza hakutupa kitabu. Alipanga glasi mezani, akamwaga maji sawasawa, akatia kitu kimoja kimoja na kutuambia tutazame. Chumvi ya kawaida iliingia majini ikapotea. Chumvi ya haluli, ile ya kufungua tumbo, ilipotea upesi zaidi, kijiko baada ya kijiko. Ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, punje moja tu ilitosha kugeuza ndoo nzima. Kisha akatia kwinini, unga mweupe mwepesi kama manyoya ya kifaranga. Akakoroga. Akakoroga tena. Ukaelea, ukazunguka, ukatua chini vilevile ulivyokuwa.

"Huyu hataki maji," alisema Mzee Yosia. "Mtamkoroga mpaka mikono iume, hataki. Huyu anataka asidi." Akadondosha matone machache kutoka kwenye chupa yenye kizibo cha kioo, na unga wote ukapotea, maji yakawa safi kabisa. Akatupeleka nje juani na ile glasi, akatuonyesha ukingoni mwa maji mng'ao mdogo wa buluu. "Mkiona buluu hii, gaweni. Msipoiona, msigawe. Sina la ziada."

Nililijua hilo, Masunga. Sitaki ufikiri kwamba baba yako alikosea kwa kutojua. Wako wengi waliokosea kwa kutojua, nao wana haki ya kuonewa huruma.

Chupa ya asidi niliivunja mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nimeibeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikimpungia karani wa pamba aliyepita kwa baiskeli, nikitaka aone jinsi nilivyo mtu wa shughuli. Ikaniponyoka, ikapasuka kwenye jiwe la kizingiti. Asidi ikanirukia kwenye kaptula. Kufika jioni kaptula ilikuwa na matundu madogo madogo mapajani. Mama yako aliponiuliza nikamwambia ni panya. Aliigeuza ile kaptula huku na huku, akasema, "Panya gani huyu anakula kwa matone?" Lakini aliishona, kiraka kwa kiraka, kwa uzi wa rangi ileile, na akainyosha vizuri ili nisiaibike kazini.

Ningeweza kuandika mstari mmoja kwenda mjini: nimevunja chupa, naomba nyingine. Hakuna ambaye angenifukuza kwa chupa moja. Wenzangu wangenicheka tu tukikutana mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimewacheka wao mara nyingi, na nilijua ladha ya kicheko chenyewe. Kwa hiyo nilizoa vigae, nikavitupa chooni, na kesho yake nikachanganya kwinini kwa maji matupu.

Ilikuwa hivi: palikuwa na jagi kubwa la bati. Nililijaza asubuhi, nikakoroga, nikaliweka juu ya meza. Wenye homa walipanga mstari, na kila mmoja alikunywa kikombe chake cha kupimia palepale mbele yangu. Mistura, yaani dawa ya maji, ikiyeyuka vizuri ni moja kuanzia juu mpaka chini, wa kwanza na wa mwisho wanapata sawa. Yangu haikuwa imeyeyuka. Wa mwanzo walikunywa maji yenye uchungu kidogo, wa mwisho walikunywa mashapo. Na mimi sikukoroga kila kikombe, maana kukoroga kila kikombe kungewaonyesha watu kwamba kuna kitu chini.

Wao walikiona kabla yangu. Siku ya nne niligundua jambo la ajabu: hapakuwa tena na mtu anayetaka kuwa mbele ya mstari. Walikuja asubuhi, wakakaa kivulini, kila mmoja akimwambia mwenzake apite. Nilimwita bibi mmoja, Bibi Ng'walu, aliyekuwa akitetemeka kwa homa, nikamwambia, "Bibi, wewe ni mzee, njoo mbele." Akakataa katakata. "Mimi nasubili ya mwisho, dokita. Ya mwanzo ni maji ya ziwa. Ya mwisho ndiyo ina mtu ndani." Watu wakaitikia, ehee. Walisukumana kurudi nyuma. Wawili waligombana kabisa, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyechelewa kufika.

Nilicheka sana. Jioni nilimwigizia mama yako jinsi Bibi Ng'walu alivyosema, tukacheka wote wawili. Nilisema, "Hawa watu wa huku bado sana." Na ndani ya kicheko hicho, Masunga, nilijua kwamba bibi asiyejua hata herufi moja alikuwa amepima dawa kwa ulimi wake na kunishinda mimi niliyefundishwa. Wale waliokuwa wakifika na homa kali na kukubali kupita mbele kwa heshima yangu, waliondoka na maji. Sijui ni wangapi, wala walifika wapi. Sikuuliza wakati ule, na nilipotaka kuuliza tayari nilikuwa na jingine la kuficha.

Ndipo ukashikwa na homa wewe.

Hii ndiyo sehemu ambayo sijapata kumwambia mtu. Jioni ile, baada ya wagonjwa kuondoka, nilibaki na jagi. Chini palikuwa na mashapo meupe, mazito. Ningeweza kuyamwaga. Ningeweza kwenda hatua kumi nyuma ya zahanati nikachuma ndimu, nikakamulia, yakayeyuka yote, nikajua kipimo sawasawa. Mzee Yosia alikuwa ametuambia hata hilo, kwamba asidi ikikosekana ndimu itasaidia. Lakini nilisimama pale nikawaza: mwanangu hatapewa maji ya ziwa. Mwanangu atapewa ya mwisho. Nikamimina mashapo yale kwenye chupa ndogo nikayaleta nyumbani, nikaona nimekufanyia upendeleo.

Umeelewa, mwanangu? Mchana niliwacheka watu kwa kuamini kwamba nguvu iko chini, na jioni nikakuletea ya chini kwa sababu niliwaamini.

Nilimwambia mama yako, kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Alifungua chupa akaitazama, akainamisha, akasema, "Hii mbona ina uji chini?" Nikamwambia, "Hapo ndipo nguvu ilipo. Mpe." Nayakumbuka maneno hayo kwa herufi zake. Yeye alikupa kijiko kimoja kila mara, akikifuta kwa kidole ili kisibaki kitu, kwa sababu mumewe ni dokita na dawa ya dokita haimwagwi.

Siku ya tatu homa ilishuka. Tulifurahi. Ukasema masikio yako yana nyuki. Ulilisema ukicheka, ukijipiga kichwani kwa kiganja ili watoke. Kesho yake mama yako alikuita kutoka uani, akakuita tena, wewe ukiwa umempa mgongo unacheza na vifuu. Alidhani ni utundu. Alikuja na mwiko wa mboga mkononi, akakugusa bega, ukashtuka ukapiga kelele. Hapo ndipo alipoketi chini.

Daktari wa ziara alipofika aliuliza ulipewa kipimo gani. Alikuwa ametulia, hakuwa mkali, na alisema kwa watu wengi masikio hurudi baada ya siku kadhaa. Yako hayakurudi. Alisema pia huenda ni homa yenyewe iliyopanda kichwani. Nimejificha ndani ya hiyo "huenda" miaka mingi, lakini siku ile sikuingoja. Aliponitazama kusubiri jibu nilimwambia, "Mama yake alizidisha."

Mama yako alikuwa amesimama palepale na kijiko mkononi. Akasema, "Nilimpa kimoja." Nikamgeukia nikamwambia kwa Kisukuma, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye subira, "Ulikuwa umechoka. Hukulala siku tatu. Ulimpa ukasahau, ukampa tena." Akatikisa kichwa. Nikarudia. Jioni nikarudia tena. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilirudia tu, kwa upole, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja akaniambia, "Labda ni kweli nilisahau." Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na yeye ndiye aliyeitembea.

Na hayo bado si mabaya kuliko yote. Ndugu zangu walikuja, wakasema mwanamke aliyeharibu mtoto wa kiume arudishwe kwao. Tulikaa kikao. Mimi nikasimama mbele ya wote, nikasema sitamrudisha, kwamba binadamu hukosea, na kwamba nimemsamehe. Nilimsamehe, Masunga! Mbele ya watu! Mama yake mzazi alinishika miguu kunishukuru. Nami nikamwinua, nikamwambia haidhuru, mama.

Asidi niliiomba wiki iliyofuata. Ilichukua barua ya mistari miwili na siku nne kufika.

Tangu siku ile mama yako hajampa mtoto yeyote dawa. Umeona mwenyewe wadogo zako wakiugua, anavyomwita jirani aje ashike kijiko, yeye anasimama nje. Ulipata kuniuliza kwa nini, nikakuandikia kwenye kibao, "Mama anaogopa harufu." Hiyo nayo uifute.

Mimi nikaanza kukufundisha kusoma. Shule ilikukataa, nikasema basi nitakuwa shule mwenyewe. Kila siku baada ya kazi, kibao na chaki. Ulishika upesi kuliko nilivyotarajia. Maneno uliyokuwa umeyasikia kabla ya miaka mitano uliyatunza yote; hata leo unasema "maji" kwa sauti ileile ya utoto, na kila ukiomba maji mimi huona kile kitoto chenye vifuu. Watu walinisifu. Katekista alinitaja kanisani kuwa mfano wa baba. Nililipokea hilo pia, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Sitakataa kwamba nilikupenda katika kukufundisha, na nilifurahi kila neno jipya. Lakini kilichonikalisha pale siku za kwanza hakikuwa upendo, ulikuwa woga.

Sasa kumbuka siku ya glasi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, tumeshahamia hapa Kiseke. Ulikuwa umenichungulia kazini, ukaona dawa zinavyochanganywa, ukataka kujua kila kitu kinapotelea wapi. Ulipanga uani vikombe na glasi zote za nyumba, hata kikombe cha mgeni. Maji kiasi kilekile kila kimoja, ulipima kwa kidole. Chumvi, sukari, magadi, haluli, unga wa muhogo, majivu, na kwinini uliyoiomba kwangu kwa ncha ya kisu. Ukawa unatia, unakoroga, unahesabu kwa kuchora vijiti kwenye kibao. Chumvi ilifika mahali maji yakakataa, ukaandika, "Maji yameshiba." Haluli ilipita chumvi. Sukari ilipita zote, iliingia tu na kuingia, na ungeendelea mpaka leo kama mama yako hakutokea akanyakua kopo la sukari na kukufukuza kuzunguka nyumba. Ulikuwa unacheka kwa ile sauti yako kubwa usiyoisikia. Unga wa muhogo ulikudanganya kwanza, maji yakawa meupe ukadhani umeyeyuka, ukangoja, ukaona umetua. Uliandika, "Huu ulijificha tu."

Kisha ukafika kwenye kwinini. Ukakoroga, ikatua. Ukakoroga tena. Ukaenda jikoni, ukarudi na nusu ndimu aliyokuwa akiitumia mama yako kwenye samaki, ukaanza kukamulia kila glasi, kwa udadisi tu, hakuna aliyekuambia. Unga wa muhogo haukubadilika. Magadi yakatoa povu, ukapiga makofi. Na kwinini ikapotea mbele ya macho yako, maji yakawa safi. Ulibeba glasi ile ukaja nayo kwangu juani, ukanionyesha ukingoni, kwa kidole. Buluu.

Halafu ukaketi ukaandika kwenye kibao: "Bila ndimu inakaa chini. Mgonjwa anakunywa ya juu au ya chini?"

Wewe hukujua chochote. Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyopata kuulizwa na wakubwa zangu. Na mimi nilifanya nini? Nilifuta kibao kwa mkono wa shati langu. Nikamwaga glasi zako zote, moja baada ya nyingine, mchangani, pamoja na ile ya buluu, nikakuandikia, "Dawa si mchezo." Ulinitazama. Mama yako naye alikuwa mlangoni ananitazama, hakuelewa. Tangu siku ile hukupanga glasi tena, na hukuniuliza tena jambo la dawa. Nilikunyang'anya masikio kwa kiburi na uvivu, lakini swali lile nililifuta kwa makusudi. Kila nikiwaza utakavyokuwa huko kwenye kiwanda cha uchapaji cha mapadre, ukiokota herufi moja moja na kuzipanga, nawaza pia kwamba ungeweza kuwa mtu wa dawa bora kuliko mimi mara kumi, kwa masikio au bila masikio.

Nilikusudia kukupa mawaidha mwishoni, kama wazazi wanavyofanya. Nimetafuta, sina mengi. Utavunja vitu huko. Herufi za risasi nasikia ni laini, zinapondeka, na trei zinaanguka. Ukivunja, sema siku hiyohiyo, maana siku ya kwanza ni chupa tu. Ya pili inakuwa chupa na uongo. Baada ya wiki mbili mimi sikuwa tena na chupa ya kukiri, nilikuwa na mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, nami niliyaficha yangu hata kifo kikapita mbali kikaniacha niumbuliwe na mama yako kwa kuniomba tu nimwandikie barua.

Na mtu asiye na elimu akikataa kupita mbele ya mstari wako, muulize kwa nini, kisha usicheke.

Nilipoanza ukurasa wa kwanza nilipanga kuiweka barua hii sandukuni, chini ya mashati, uikute Bukoba nikiwa mbali na macho yako. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi kesho alfajiri, hapa nyumbani, kabla hatujaanza safari ya kwenda gatini. Uisome nikiwa mbele yako. Ukitaka nisikusindikize, nionyeshe kwa mkono tu, nitabaki. Sikuombi unisamehe. Nimeshaona jinsi msamaha unavyoweza kutumiwa.

Mama yako ameshamaliza mchele. Amefunga kwenye kitambaa, amekuja kuketi kando yangu, ananiambia, "Haya, nisomee nilivyosema." Naiweka kalamu chini sasa. Nitamsomea yote, tangu mwanzo.

*

Nimemsomea.

Nilisoma kwa Kisukuma, polepole, bila kuruka. Nilipomsomea kwamba hakuzidisha, alidhani namfariji tu, na kwa yule panya alicheka kidogo. Nilipofika kwenye jagi aliacha kucheka. Nilipofika kwenye "Hapo ndipo nguvu ilipo, mpe," aligeuza uso akatazama ukuta, akabaki hivyo mpaka mwisho. Sikuthubutu kumgusa.

Kisha akasema, "Nilikushonea ile kaptula."

Nikasema, "Ulinishonea."

"Kwa uzi wa rangi moja. Nilitembea mpaka dukani kwa Mhindi kuutafuta."

Alitoka nje. Nilimwona uani, amesimama pale ulipopanga glasi zako, mikono imening'inia tu. Alikaa huko muda mrefu, jua likashuka mpaka kwenye miamba. Niliposikia hatua zake zinarudi nilisimama kama mtoto wa shule. Nilimsogezea wino, nikamwambia kama anakubali aweke kidole chake chini ya barua, ili ujue kwamba nimemsomea kweli na sikukudanganya.

Akaisukuma karatasi ikarudi kwangu. "Hiyo ni yako, ukae nayo. Yangu bado hujaiandika. Leta karatasi nyingine."

Nikaleta. Akaketi, akanyosha kanga magotini, akaniambia nini cha kuandika. Nikaandika, nikangoja. Nikamuuliza, "Na nini tena, Mama Masunga?"

"Basi," akasema. "Isome."

Nikamsomea mara tatu, kila mara akitikisa kichwa kukubali. Kisha akachovya kidole gumba mwenyewe, hakuningoja nimshike mkono, akakikandamiza kwa nguvu zote. Karatasi yake ni hii niliyoiambatanisha hapa chini. Maneno yaliyomo ni haya, na hayana langu hata moja:

*Mwanangu, kilikuwa kijiko kimoja.*